MREJESHO: Vyungu vilivyokuwa vinapasuka kabla ya maonyesho

Habari zenu ndugu zangu. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini vyungu vya kikundi chetu hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini magharibi mwa Uganda, vinapasuka motoni, na maonyesho yamekaribia. Wengi mlisema ni unyevu, na kweli ndio uliotuponza. Maji yaliyobaki ndani ya udongo yakifika nyuzijoto 100 hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea hukipasua chungu. Sisi tulikuwa tunaanika juani siku nne tu, upande mmoja mkavu, mwingine mbichi. Safari hii tuliviacha kivulini wiki mbili, tukachanganya udongo na vigae vilivyotwangwa, tukavipasha taratibu asubuhi nzima ndipo tukaongeza kuni. Kati ya vyungu 31 vilipasuka 2.

Maonyesho yalikuwa Jumamosi. Mama mmoja Mrundi, mfinyanzi tangu utotoni, alileta mitungi aliyoisugua kwa kokoto mpaka inang'aa bila rangi yoyote. Kijana Msomali alileta vyetezo vya ubani. Jirani yetu Mnyankole alileta chungu cha kufukizia vyombo vya maziwa, na hapo ndipo watu walijaa, kila mmoja akieleza kwao kinaitwaje. Mimi nilisimama pale muda mrefu, machozi yakinilenga.

Tuliuza vipande 11. Aliyenishauri habari ya vigae, Mungu akubariki sana. Sasa mitungi miwili inavuja maji. Wenzangu wanataka kuichemshia uji mzito ili uzibe vitundu. Tutajaribu kesho.