Tafakuri ya Kibudha mtaani kwetu Lamu

Mkaazi wa Shela:
Assalamu alaikum. Mpangaji wetu ni mfuasi wa Budha, na vijana wanaomwona barazani kila watokapo msikitini alfajiri wamemwomba awafundishe ile tafakuri ya kukaa kitako, mgongo wima, na kufuatilia pumzi zinavyoingia na kutoka puani. Je, nimruhusu?

Mwalimu wa chuo, Langoni:
Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Kufuatilia pumzi peke yake, kwa maoni yangu, si ibada; kusujudia sanamu, au kutamka kwamba unamkimbilia Budha akulinde, huko ndiko kuvuka mpaka. Aeleze wazi asili ya jambo lenyewe, kwani kuficha ndiko kunakozua fitina.

Mama wa Mkomani:
Kaka, kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa dini, lakini mtaa nao una wazee wake. Waombe wazazi idhini kwanza, na darasa lisigongane na sala ya Magharibi. Barazani hapafai: wapita njia watasema yasiyokuwapo.

Mkaazi wa Shela:
Ahsanteni. Watakaa uani, na zile Kweli Nne Tukufu kuhusu mateso na chanzo chake atazieleza akiulizwa tu.