Vipindi vya muziki, sanaa, michezo, maktaba na kompyuta: watoto wa msingi wanajifunza nini hasa?

MamaWawili
Habari zenu wapendwa, naomba kuuliza maana najua humu walimu mpo wengi. Mwanangu yupo darasa la tatu na shuleni kwao wana vile vipindi ambavyo mwalimu wa darasa anawaachia mwalimu mwingine, yaani muziki, sanaa, michezo, maktaba na kompyuta. Hesabu naona daftari, kusoma namsikia akisoma, ila hivi vingine sioni kitu. Nikimuuliza leo muziki mmefanya nini ananijibu "tumeimba", michezo "tumecheza", sanaa analeta karatasi imejaa rangi halafu ananuna nikimuuliza hiki ni nini. Sio kwamba navidharau, napenda asome vyote, nataka tu kujua kuna mpangilio gani huko ndani, kuna kitu anatakiwa awe anakiweza mwisho wa mwaka au ni kupumzisha akili baada ya hesabu? Na nimuulize vipi nipate jibu lenye nyama? Asanteni.

TichaSolfa
Mama swali zuri sana hili, wazazi wengi hawaulizi. Mimi nafundisha muziki shule ya msingi nikusimulie upande wangu.

Mpangilio upo tena wa hatua kwa hatua. Darasa la kwanza kitu kikubwa ni kutofautisha pigo na mdundo. Pigo ni lile lisilobadilika, kama saa, na mdundo ni jinsi maneno ya wimbo yanavyokaa juu ya hilo pigo, mengine marefu mengine ya haraka. Sasa mwambie mtoto wa miaka sita atembee kwa pigo huku anapiga makofi ya maneno, utaona ndani ya sekunde chache miguu imeanza kufuata mikono au mikono imefuata miguu, mpaka anasimama anacheka. Hapo ndipo kazi ilipo. Akiweza kuvitenganisha ndio unampa majina, pigo zima tunaliita "ta" na likigawanyika mara mbili "ti-ti", halafu ndio anaonyeshwa alama zake ubaoni. Yaani anasikia kwanza, anafanya kwa mwili, kuandika kunakuja mwisho.

Sauti nazo zina mpangilio wake. Walimu wengi tunafuata njia iliyotokana na Zoltán Kodály, mwanamuziki wa Hungaria, watoto wanaanza na so na mi (majina ya sauti za ngazi ya muziki, do re mi fa so la ti) kwa sababu ni rahisi kuzishika, inaongezwa la, halafu do na re, hapo tayari wana sauti tano na nyimbo nyingi sana za watoto zinaimbika. Fa na ti zinachelewa, zile nusu sauti, yaani hatua ndogo kati ya sauti na sauti, zinawapotosha wadogo. Kila sauti ina ishara yake ya mkono, hizo ishara alizieneza John Curwen kule Uingereza karne ya 19, mkono unapanda na kushuka na sauti kwa hiyo mtoto anaona kwa macho anachokiimba.

Darasa la tatu la nne ndio shule nyingi zinaingiza rekoda, ile filimbi ya plastiki. Wanaanza na sauti tatu zinazoitwa B, A na G, zote mkono wa kushoto na mkono wa kushoto lazima ukae juu. Ukisikia inapiga kelele kali masikio yakauma ujue anapuliza kwa nguvu mno au shimo halijazibwa vizuri, mwambie apulize taratibu kama anapasha kioo pumzi.

Kwa hiyo usimuulize mmefanya nini, mwambie "nipigie mdundo mlioufanya leo nami niurudie". Akikusahihisha umekosea basi ameelewa.

BabaHesabu
Ticha nimekuelewa ila niseme ukweli wangu, mtihani wa mwisho hauulizi ta wala ti-ti. Muda wa shule ni mfupi na kuna watoto darasa la nne bado kusoma kunawasumbua, mimi ningependa huo muda uende kwenye kusoma na hesabu, muziki afanye nyumbani wikiendi. Sisemi kwa ubaya, nawaza tu wale wanaoachwa nyuma.

RangiNaUdongo
BabaHesabu hofu yako ina msingi kabisa, mtoto asiyejua kusoma lazima asaidiwe. Lakini umtoe kwenye sanaa ndio akasome? Mara nyingi yule anayehangaika kusoma ndiye anang'aa kwenye udongo, na ile ni saa pekee ya siku anapojiona anaweza kitu mbele ya wenzake, ukimnyang'anya hiyo usishangae akigoma na kusoma kwenyewe. Halafu "wikiendi nyumbani" ni kwa mwenye nyumba yenye rangi na mtu wa kumfundisha, wengi hawana, shule ndio mahali pekee watakapoipata.

MamaWawili kuhusu ile karatasi, inawezekana kabisa sio picha ya kitu chochote! Ni zoezi. Wanapewa nyekundu, njano na bluu peke yake wanatafuta chungwa, kijani na zambarau wenyewe. Baadaye wanajifunza kufifisha rangi kwa kuongeza nyeupe na kuikoza kwa nyeusi, na kuna siri moja wanaigundua kwa mikono yao, kwamba ukitaka kijani uanze na njano uitie bluu kidogo kidogo, maana ukianza na bluu utamaliza njano yote na bado ni bluu tu. Hiyo hata umwambie mara kumi haikai kichwani, mpaka njano yake iishe.

Kwenye udongo ni vilevile. Mtoto anatengeneza kikombe anabandika mkono wa kushikia kwa kuuminya tu, kinapendeza, kikikauka mkono unadondoka. Ndipo anafundishwa kukwaruza pande zote mbili, kupaka udongo uliolainishwa na maji ukawa kama uji, halafu kubana. Ukiona amekaa anakwaruza kimyakimya ujue anajifunza kwamba sehemu isiyoonekana ndio inashika kazi yote. Mwisho wa msingi wanaingia kwenye kina cha picha, kwanini barabara inaonekana kukutana kule mbali, mstari wa upeo na mambo ya namna hiyo.

Kwa hiyo badala ya "hiki ni nini" muulize "ulianza wapi?" au "hapa ulipataje rangi hii?", hatanuna.

KochaWaWadogo
Michezo. Watu wanadhani tunawapa mpira tunakaa kivulini. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya wastani hadi makali, vipindi vya shule peke yake havifikishi hapo, kwa hiyo kazi yetu kubwa ni kumpa mtoto ujuzi wa kucheza ili acheze na muda mwingine.

Mfano kurusha mpira kwa juu ya bega. Mwangalie mtoto ambaye hajafundishwa, anasimama ameelekea mbele, anarusha kwa mkono tu, na akipiga hatua anatoa mguu wa upande uleule wa mkono. Tunamfundisha asimame kiubavu, anayerushia mkono wa kulia atangulize mguu wa kushoto, kiuno kizunguke kwanza ndio mkono ufuate. Siku miguu ikikaa sawa mpira unaenda mbali mpaka mwenyewe anashtuka! Na asiyejua kurusha na kudaka akifika miaka kumi anaanza kukwepa michezo, anaona aibu, hilo ndio linaniuma.

Ndio maana pia mechi za wadogo tunazifanya watatu kwa watatu, sio wote ishirini wanakimbiza mpira mmoja na nusu yao hawaugusi. Wakubwa kidogo tunawafundisha kuhesabu mapigo ya moyo shingoni kabla na baada ya kukimbia. BabaHesabu hiyo ni hesabu, wanahesabu sekunde 15 wanazidisha mara nne.

MtunzaVitabu
Maktaba kwa kifupi: sio kuazima tu. Wanajifunza hadithi zinapangwa kwa jina la ukoo la mwandishi na vitabu vya maarifa kwa namba, maktaba nyingi zinatumia mpango wa namba wa Melvil Dewey wa 1876. Wanyama 590, michezo 796, na kuna watoto hawajui namba ya simu ya nyumbani ila 567.9 ya dinosauri wanaijua. Desimali hiyo, wanaitumia kabla hawajafundishwa darasani. Wakubwa tunawafundisha kuuliza nani kaandika hiki, lini, na amejuaje, na hilo linawafaa zaidi wakifika kwenye intaneti.

BabaHesabu
Sawa hapo kwenye desimali na mapigo ya moyo mmenigusa. Na kompyuta je, au ni michezo ya gemu tu?

KobeMchoraji
Kompyuta nakujibu mimi. Kuchapa na kuhifadhi kazi wanajifunza, na kutompa mtu neno la siri, lakini moyo wake ni kutoa maelekezo kwa mpangilio. Wengi wanatumia Scratch, programu iliyotoka chuo cha MIT cha Marekani 2007 na imekusudiwa watoto wa miaka 8 hadi 16, unaunganisha vipande vya amri bila kuandika. Kuna kazi moja ya zamani tangu enzi za Logo, lugha ya kompyuta ya watoto ya 1967, naipenda kuliko zote, kumwelekeza kobe wa kwenye skrini achore kwa kutembea. Mraba ni rahisi, nenda mbele, geuka 90, rudia mara nne. Halafu unawaambia wachore pembetatu yenye pande sawa. Karibu wote wanaandika geuka 60, kwa sababu wanajua kona ya pembetatu hiyo ni 60, wanabonyeza, na umbo halifungi, linabaki wazi kama nusu ya pembesita. Hapo kimya. Mmoja anasimama anatembea mwenyewe sakafuni kama kobe, anafika kwenye kona anageuka, anageuka tena, halafu anapiga kelele "ni mia na ishirini!", maana kobe anageuka kwa kile kilichobaki mpaka 180. BabaHesabu niambie ni kipindi gani cha hesabu ungepata hiyo.

MamaWawili
Jamani asanteni sana, nimeshanakili maswali yote. Niongeze moja kwa Kocha, mdogo wake yupo darasa la kwanza, wenzake wanaruka kwa kupokezana miguu yeye anakwama anaruka na mguu uleule tu, niwe na wasiwasi?

KochaWaWadogo
Hapana mama, hiyo wengi inawakaa kati ya miaka mitano na saba. Mwanzishe polepole kabisa, hatua moja na kuruka kwa mguu huohuo, halafu mguu wa pili hatua na kuruka, mtaje kwa sauti "hatua-ruka, hatua-ruka" mkiwa mmeshikana mikono. Mwendo wa haraka usiutafute, utakuja wenyewe. Kama mwaka mzima ukipita na hata kusimama kwa mguu mmoja kunamshinda, hapo mwone mwalimu wake wa michezo mzungumze.