MREJESHO: Niliuliza jenereta au betri kwa kazi za mtandaoni

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi. Niliwauliza ninunue jenereta au betri maana nafanya kazi ya mtandaoni kwa mzungu wa Ujerumani, nakaa Tabata, Dar, na mwaka 2023 mgao wa umeme na uhaba wa petroli vilitushukia kwa pamoja. Wengi mkasema jenereta, nikaazima ya shemeji nijaribu kwanza.

Aisee! Nimepanga foleni na kidumu changu toka saa 11 alfajiri, nafika kwenye pampu dogo ananiambia bro kwenye kidumu hatuweki, leta chombo cha moto chenyewe. Nikarudi na kidumu kitupu na kikao cha saa 3 kikanipita hivihivi.

Ndo nikamfuata yule aliyesema nipige hesabu ya wati. Laptop yangu 50, ruta 10, jumla 60. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa (Ah) 100 ina wati-saa 1200 (12 mara 100), ila haitakiwi kumalizwa, ukitumia nusu una wati-saa 600, toa zinazopotea kwenye inverta (kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) unabaki na masaa 8 au 9 hivi, siku imeisha. Halafu ruta ni ya volti 12 so nimeunga moja kwa moja kwenye betri nikaweka na fyuzi, inverta haihusiki. Usiku umeme ukirudi inachaji.

Feni ndo imenishinda, nashinda na singlendi kamera nimezima. Jenereta nimerudisha, sasa shemeji kanuna eti imerudi haina mafuta, na aliniazima ikiwa kavu vilevile.