Naomba ushauri: waya wa umeme ukiangukia gari, na ndani kuna mzee na mtoto mchanga

Wakuu, naandaa maelekezo ya madereva. Waya ukiangukia gari, mnabaki ndani, mnapiga simu ya dharura, na walio nje wasisogee ndani ya mita 10. Kutokuona cheche si dalili kwamba umeme umekatika. Swichi ya laini huweza kujirudisha yenyewe na kuwasha umeme tena.

Gari likishika moto ndipo unaruka, miguu imebanana, bila kugusa bodi na ardhi kwa wakati mmoja. Kisha unaburuza nyayo zikiwa zimegusana, maana tofauti ya volti kati ya mguu mmoja na mwingine ndiyo inayoua.

Mtoto naona abebwe kifuani. Ila mzee asiyeweza kuruka? Mafundi wa laini kubwa, mnafundishaje hapo?