Kuwajazia watu nyimbo kwenye flashi: je, chumo hili ni halali?

Muulizaji (Chake Chake):
Assalaamu alaykum. Nina duka dogo la vifaa vya simu, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikiwajazia wateja taarab, kasida na filamu kwenye flashi na kadi za simu, kwa shilingi 1,000 au 2,000. Wiki iliyopita mzee mmoja alipita, akasikia wimbo wa kikundi chao ukipigwa dukani, akaniuliza kwa upole nimeupata wapi. Sikuwa na jibu. Wateja wangu karibu wote hawaoni kosa, kwa hoja kwamba wimbo ukinakiliwa mwenyewe hapungukiwi na kitu. Naomba kujua sheria na dini zinasemaje, kwani watoto wangu wanakula kwa chumo hili.

Jibu (Mjini, Unguja):
Waalaykumu ssalaam. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003 na chombo chake cha kusimamia hakimiliki, COSOZA. COSOTA, chombo kama hicho, ni ya Bara. Kunakili kazi ya mtu na kuiuza bila ya idhini yake ni kosa. Hata hoja kwamba wimbo ni wa zamani, kwa hivyo ni huru kunakiliwa, mara nyingi haisimami, kwa sababu Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao Tanzania imo tangu 1994, humlinda mtunzi uhai wake wote na miaka isiyopungua 50 baada ya kufa kwake. Ama dini, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, liliamua kwamba haki za utunzi ni mali ya wenyewe kisharia na haijuzu kuzivamia.

Jibu (Wete):
Mimi ni mpiga fidla. Wimbo mmoja hutuchukua wiki kadhaa: mshairi atunge, mwengine atie muziki, sote tukutane usiku baada ya kazi zetu, kisha tuchangishane fedha za studio. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab, alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, aliyetaka kumsikiliza nyumbani kwake alinunua santuri. Leo mtu hulipia nyimbo 40 kwa shilingi 1,000, na sisi tuliozipiga hatuoni hata senti moja. Vipi basi iwe hatupungukiwi? Nakiri kwamba nasi tulikuwa tukifurahi kusikia nyimbo zetu ndani ya daladala, tukitumai zitatuletea mialiko ya harusi, na nyengine zilituletea. Lakini radhi hiyo hatukumpa mtu yeyote aifanyie biashara. Mtafute huyo mzee.

Jibu (Mkoani):
Nakubali, ila mteja naye aonyeshwe pa kununua kihalali. Hapa Mkoani sijaona duka linalouza kazi za vikundi vyetu.

Muulizaji:
Nashukuruni. Mzee nimempata. Amesema atazungumza na wenzake, na akikubaliwa nitauza nyimbo zao kwa mgao. Za vikundi vyengine vya visiwani nimezifuta jana, na Jumatatu nitakwenda kuuliza taratibu za idhini. Filamu za nje bado zimo dukani, na hizo ndizo zinazonikosesha usingizi.