Reli iliikwepa Ujiji. SGR itamkwepa nani?

MTU WA UJIJI: Wakubwa shikamooni. Juzi kijiweni, kikombe cha kahawa mkononi, mzee mmoja katuambia SGR, ile reli mpya ya kisasa, ikifika, Kigoma itakuwa Dubai. Nimebisha, na leo naileta hoja hapa mnikosoe.

Ujiji ilikuwa mji kabla ya reli. Misafara ya Bagamoyo ilipita Tabora ikaja kuishia hapa kwetu. Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, Kigoma haijulikani. Mjerumani alipojenga reli alifuata njia ile ile ya misafara: Tabora 1912, ziwani 1914. Ila ufukwe wetu una kina kifupi, ghuba ya Kigoma inapokea meli. Reli ikaenda ghubani, na bandari, stesheni na ofisi zikaifuata. Kilomita chache tu! Leo sisi wenye mji wa zamani ndio tunaopanda daladala "kwenda mjini".

Biashara yetu ndiyo iliyoivuta reli, faida ikashukia pale mzigo uliposhushwa. Kwa hiyo kabla ya vigelegele, tuulize mzigo utashushwa wapi safari hii.

MNYANYEMBE: Kaka, hayo ni maneno ya mtu wa bandari. Njoo Tabora uone treni inavyosimama! Reli ya Mwanza inaanzia hapa tangu 1928, ya Mpanda inachepukia Kaliua. Njia panda ya reli ya kati ni sisi, na Mwanza imetuacha mbali. Abiria anashuka, ananunua asali iliyotiwa kwenye chupa ya maji, chai hajaimaliza, honi inalia, anakimbia. Mwanza ina samaki, pamba na dhahabu ya jirani. Sisi tuna tumbaku, lakini miaka yote imekuwa ikipakiwa kwenda kusindikwa Morogoro. Ajira za kiwandani zilipanda treni zikaondoka nayo.

MTU WA UJIJI: Hapo kwenye tumbaku umenishika. Basi kusimama peke yake hakutoshi.

MAMA WA KIBIRIZI: Marahaba wanangu. Mnabishana wote hamjawahi kufunga gunia la dagaa. Mimi treni niliiacha. Mvua ikiikata reli kule Kilosa na Gulwe, mzigo unalala njiani na mteja anahama. Lami ilipokuja nikahamia barabarani, nauli kubwa lakini unafika. Mkataba wa SGR ya Tabora–Kigoma, kilomita 506, umesainiwa Desemba 2022. Ikifika na ikawa na behewa la mizigo midogo, nitarudi. Ikiwa ya makontena ya Kongo na Burundi tu, itapita mbele yangu kama ndege.

MTU WA UJIJI: Mama, na stesheni ikiwekwa mbali na mwalo, hapo Kibirizi dagaa wanaposhushwa?

MAMA WA KIBIRIZI: Bodaboda hapa inabeba magunia mawili. Mimi nina arobaini. Piga hesabu mwenyewe, mwanangu.