Zoezi la kutekwa kwa waangalizi wa kijeshi: tuwabane kiasi gani?

Mkufunzi_wa_Zamu:

Wakuu, heshima kwenu. Nafundisha kwenye kozi ya ulinzi wa amani hapa ukanda wetu, chuo sikitaji. Wanafunzi wangu ni maofisa, kapteni hadi luteni kanali, wanaokwenda kuwa waangalizi wa kijeshi wa UN. Safari hii nimekabidhiwa somo la kutekwa nyara. Nilichorithi ni slaidi za siku nyingi na zoezi la mchana mmoja ambalo wanafunzi hulimaliza wakicheka.

Kwa wasiojua, mwangalizi habebi silaha. Anatoka doria na wenzake wachache, kila mmoja na nchi yake, ndani ya Land Cruiser nyeupe yenye herufi za UN, wana redio ya masafa marefu ya Codan, ramani na daftari, basi. Na haya mambo yapo. Kanali William Higgins wa Marekani, aliyekuwa akiongoza waangalizi kusini mwa Lebanon, alichukuliwa barabarani karibu na Tyre Februari 1988 na akauawa. Mwili wake ulipatikana Desemba 1991. Mei 1995, baada ya ndege za NATO kupiga maghala ya silaha ya mji wa Pale, Waserbia wa Bosnia waliwashika askari na waangalizi wa UN karibu 400, na baadhi ya waangalizi wakafungwa pingu kwenye maeneo yaliyotegemewa kupigwa tena. Mei 2000 waasi wa RUF nao wakakusanya mamia ya walinda amani kule Sierra Leone.

Sasa ofisini hatuelewani. Kuna wanaotaka wanafunzi wafunikwe magunia kichwani, wanyimwe usingizi na wahojiwe kwa makelele usiku kucha. Kuna wanaosema slaidi zinatosha, hawa ni watu wazima. Naombeni ushauri: tuwabane kiasi gani, na muda mchache tulio nao tuutumie kwenye nini hasa?

Nawasilisha.

Kijana_wa_Tandika:

Dawa ni kubaki nyumbani mkuu 😂 Ila nikiikumbuka ile posho ya misheni naanza kufikiria upya.

Chui_Mstaafu:

Mleta uzi, hapa hakuna mjadala. Sisi tulitandikwa kwenye mafunzo na tupo. Magunia, maji ya baridi, usiku kucha bila kulala. Jina, cheo na namba, zaidi ya hapo mdomo ufungwe. Anayeshindwa arudishwe kikosini kwake.

Dada_Amani:

Shikamoo afande Chui. Kwa heshima zote, hapo napingana nawe. Mimi ni mwanasaikolojia na nimesimamia mazoezi ya aina hii. Unayoyaeleza ni ya komando mwenye mpango wa mashambulizi kichwani. Mwangalizi hana mpango huo. Akitekwa kazi yake ni kubaki hai na akili yake timamu mpaka wanaojadiliana wamtoe. Jina, cheo na namba ni kanuni ya mfungwa wa vita, na huyu si mfungwa wa vita. Mkataba wa 1994 wa usalama wa watumishi wa UN unasema wakishikwa wasihojiwe na waachiwe haraka, lakini kijana mwenye AK pale kwenye kizuizi cha barabarani hajausoma. Ukimkazia macho na kumtajia namba yako ya jeshi atakuona unamdharau.

Mleta uzi, muda wako uweke kwenye nusu saa ya kwanza. Hapo ndipo hatari huwa kubwa sana, kwa sababu watekaji nao wana hofu na kidole kiko kwenye kifyatulio. Mwanafunzi anatakiwa akutane na mwili wake mwenyewe kabla ya siku hiyo: mdomo unakauka, mikono inatetemeka, unaambiwa kitu na husikii. Aliyewahi kupitia hali hiyo mara moja huitambua ikirudi. Kwa hiyo rudieni kizuizi cha barabarani mara nyingi, waigizaji wapige kelele, mpaka mikono ya mwanafunzi iwe inajitokeza yenyewe mahali inapoonekana, na kabla ya kuingiza mkono mfukoni awe ameshasema anataka kutoa nini. Gunia kichwani kwa muda mfupi linatosha. Usiku kucha hauongezi kitu, unazalisha hadithi za mess tu.

Masharti yangu huwa hayajadiliwi. Daktari awepo na awe na mamlaka ya kusimamisha zoezi hata kama kanali amekasirika. Kuwe na neno ambalo mwanafunzi yeyote akilitamka kila kitu kinasimama, na lisiandikwe kwenye faili lake. Kabla ya zoezi, kila mmoja aulizwe faragha amepitia nini. Maofisa wetu wengi wameshaonja mapigano ya kweli, na kuna mtu atafunikwa gunia akarudi kule moja kwa moja. Video za simu marufuku. Baadaye, siku hiyohiyo kabla hawajatawanyika, mkae chini kila mtu aseme kilichompata.

Na mkufunzi mmoja asiigize chochote, awaangalie waigizaji tu. Hao ndio wa kuchungwa. Mpe kuruta ruhusa ya kumfokea meja uone atakavyonogewa.

Chui_Mstaafu:

Binti unajua kupanga maneno. Lakini mateka wa wiki mbili anahitaji ugumu, huwezi kukataa.

Dada_Amani:

Sikatai afande. Ila ugumu wa wiki mbili ni wa aina nyingine. Ni kula ulichopewa hata kama kinakuchefua, kufanya mazoezi ya viungo kwenye kona yako, kuhesabu siku, kuomba maji ya kunawa bila kunyenyekea kupita kiasi na bila kiburi. Ni kuongelea watoto, mpira na mashamba, ukakwepa siasa na dini. Mtekaji akishajua una binti anayesoma darasa la nne, kukupiga risasi kunakuwa kuzito kidogo kwake. Hayo hayafundishwi kwa maji ya baridi.

Kofia_Bluu_254:

Dada amemaliza upande wa zoezi. Mimi niongelee begi, maana nimeifanya hii kazi ya uangalizi na nikashikiliwa kwenye vizuizi kadhaa.

Hebu jiweke kwa yule jamaa anayefungua mlango wa gari. Anakuta darubini, GPS, kamera, na ramani yenye alama za penseli mahali alipo yeye na wenzake. Kwake wewe ni jasusi, na kadi ya UN haibadilishi kitu. Kwa hiyo kwenye kozi wapekue wanafunzi wako kweli kweli. Mwanafunzi amwage begi mezani, halafu mwenzake anayeigiza mtekaji amuulize kitu kimoja kimoja: hii ni nini, umeandika nini hapa, huyu kwenye picha ni nani? Utashangaa. Utakuta simu yenye picha yake ameshika bunduki, na kwenye gumzo za WhatsApp amewatania waasi kwa majina. Utakuta daftari ambamo amemwita kamanda fulani mlevi.

Doria itoke na karatasi za siku hiyo tu. Mwenye dawa za presha au sukari abebe za siku kadhaa zaidi, kwa sababu hakuna atakayemletea. Timu ikubaliane asubuhi nani atazungumza kwa niaba ya wote, maana nchi nne kwenye gari moja zikianza kubishana na mtu mwenye silaha mambo yanaharibika. Na muda wa kuripoti kwa redio uheshimiwe, ili ukimya wako umshtue mtu kambini mapema.

Kuhusu kutoroka, wafundishwe kwamba uamuzi ni kabla hujashikwa. Makeni, Sierra Leone, mwaka 2000, waangalizi wanne, Waingereza watatu na mmoja wa New Zealand, walitoka usiku kwenye kambi ya Wakenya iliyokuwa imezingirwa na RUF, wakatembea porini mpaka wakafika salama. Hawakuwa mikononi mwa mtu bado. Aliyeshafungwa kamba halafu akajaribu ushujaa, anawaacha wenzake walipe.

Mukalimani_Bunia:

Jambo sana bakubwa. Niko mutu wa Bunia, huku mashariki ya Kongo, nitajaribu kuandika Kiswahili chenu.

Mmesahau mambo mawili. La kwanza, mwangalizi wa Tanzania au Kenya akija Ituri au Kivu, anasikia kila kitu watekaji wanachosema. Wengine wanadhani wafiche kwamba wanaelewa. Mimi nasema wasijaribu. Bendera iko begani, na huku kila mtu anajua Mtanzania anaongea Kiswahili. Ukikamatwa umeficha, umekuwa jasusi mara mbili. Salimu vizuri, mwite mkubwa wao mkubwa, uliza habari ya nyumbani. Lakini mjue pia kwamba Mtanzania huku si mgeni asiye na upande. Tangu 2013 brigedi ya UN ya kuingilia kati, ile FIB, ina Watanzania pamoja na Afrika Kusini na Malawi, na wamepigana vita vya kweli. Mtekaji hatatofautisha mwangalizi na askari wa brigedi. Mwanafunzi awe na jibu fupi, lilelile kila mara: mimi sina silaha, kazi yangu ni kuangalia na kuandika.

La pili ni sisi wakalimani na madereva. Mei 2003 waangalizi wawili, wa Jordan na wa Malawi, waliuawa Mongbwalu, na dunia ilisikia. Kwetu ni tofauti: mukalimani akichukuliwa, mtekaji anamwona msaliti wa kabila lake, na pengine anaijua nyumba ya mama yake. Kwenye zoezi lenu muwekeni naye awepo. Mwangalizi ajifunze kutomwacha nyuma anapoambiwa "wewe nenda, huyu abaki", na asimlaumu kwa sauti maneno yakitafsiriwa vibaya.

Mkufunzi_wa_Zamu:

Mukalimani, hilo la pili halipo popote kwenye slaidi zangu. Asante sana.

Swali la nyongeza kwa wote. Mwanafunzi akilazimishwa kusema mbele ya kamera afanyeje? Na familia tuiambie nini kabla hajaondoka?

Kofia_Bluu_254:

Video asome. Machi 2013 kule Golan, mpakani mwa Syria na Israel, walinda amani 21 wa Ufilipino waliotekwa na waasi walionekana kwenye video wakisema wako salama, na baada ya siku chache walikuwa wameshavushwa Jordan. Video inathibitisha uko hai na inawapa wanaojadiliana mahali pa kuanzia. Hakuna mtu mwenye akili atakayekuhukumu kwa maneno uliyosoma ukiwa chini ya bunduki. Asiongeze ya kwake tu, wala asianze kujadili bei yake mwenyewe. UN ina msimamo wa kutotoa hela ya kukomboa mateka, na mwanafunzi alijue hilo akiwa darasani, asilisikie kwa mtekaji.

Dada_Amani:

Familia: kila mwanafunzi aandike maswali machache ambayo majibu yake anayajua yeye na mkewe au mumewe tu, bahasha ifungwe ibaki kwa ofisa mhusika. Siku ya siku, majibu hayo yanathibitisha yuko hai hata bila picha. Yasiwe ya Facebook, jina la mtoto wa kwanza halifai.

Mwenza aelezwe mapema kwamba simu ya mtekaji au ya mwandishi wa habari inaweza kuingia kabla ya simu ya jeshi. Akubaliane na ofisa huyo nani atazijibu, na asiandike chochote kwenye status. Mpeni namba ya mtu mmoja mwenye jina, si ya ofisi inayofungwa saa tisa na nusu.

Chui_Mstaafu:

Hilo la simu naunga mkono. Yasikukute.

Mkufunzi_wa_Zamu:

Nimechukua. Gunia linabaki, kwa dakika chache, na zoezi la begi linaingia asubuhi kabla ya yote. Dada Amani nakucheki inbox kuhusu fomu ya maswali ya faragha. Mukalimani, nawe nikutafute, nahitaji mtu wa kuigiza nafasi yako asiyeogopa kunisahihisha mbele ya wanafunzi.